Allal al-Fassi na Gazeti la Kifaransa

Nikisoma maisha ya marehemu Allal al-Fassi wa Moroko, huwakumbuka wazee wetu wa pwani waliokihofia Kiingereza kwa kuchunga dini.

Alizaliwa Fez mwaka 1910, akasoma Qarawiyyin, akawa mwanachuoni na mshairi wa Kiarabu. Wafaransa walipotoa amri mwaka 1930 ya kuyatoa makabila ya Kiberiberi katika mahakama za sharia, alikuwa miongoni mwa vijana walioipinga. Mwaka 1937 walimhamishia Gabon, akakaa huko miaka tisa.

Aliporudi mwaka 1946 aliongoza chama cha Istiqlal, yaani uhuru, chenye gazeti lake la Kiarabu, Al-Alam. Moroko ilijitawala mwaka 1956. Lakini mwaka 1965, akiwa yeye ndiye kiongozi, chama kilianzisha gazeti la kila siku kwa Kifaransa, L'Opinion.

Je, alikuwa amegeuka? Mimi sioni hivyo. Wasomi na maofisa wengi walikuwa wangali wakisoma Kifaransa, na mtu huambiwa kwa lugha aielewayo. Kukitetea Kiarabu hakuacha.

Alifariki Bucharest mwaka 1974, akiwa safarini. Mwenyezi Mungu amrehemu.