Karani aliyefuata mzigo wa meli

Edmund Morel hakuwahi kukanyaga Kongo. Alikuwa karani tu wa kampuni ya meli ya Elder Dempster, Liverpool. Lakini bandarini Antwerp aliona kitu: meli zinatoka Kongo ya Mfalme Leopold zimejaa mpira wa tairi na pembe za ndovu, zinarudi na bunduki na risasi. Bidhaa za kuwalipa wavunaji? Karibu hakuna. Jamaa akapiga hesabu: hao watu wanafanyishwa kazi bure, kwa mtutu.

Akamwambia bosi. Akanuniwa, kisha akapewa ofa ya donge anyamaze. Ana mke na watoto, na bado 1901 akaacha kazi, akaanza kuanika kila kitu magazetini. Mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji.