Maisha ya Baden-Powell, Askari Aliyekuwa Mwalimu wa Vijana

Katika mji wa Nyeri, mahali ambapo Mlima Kenya huonekana mawingu yanapoondoka, liko kaburi ambalo watu wa mataifa mengi huja kulitazama. Juu ya jiwe lake imechongwa alama ya duara yenye nukta katikati. Maskauti wa nchi zote huijua alama hiyo: ikiwekwa njiani, maana yake ni kwamba aliyeiacha amekwenda nyumbani. Aliyelala hapo ni Robert Baden-Powell. Vijana wetu wengi wamevaa sare aliyoianzisha, lakini habari za maisha yake hazijulikani sana. Basi tumeona vema kuzieleza kwa ufupi.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi, tena mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Oxford, akafa mwaka 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Akalelewa na mama yake mjane pamoja na ndugu zake. Hata alipopelekwa katika shule ya Charterhouse, hakuwa wa kwanza darasani. Lakini karibu na shule palikuwa na msitu ambao wanafunzi walikatazwa kuuingia, naye alikuwa akitorokea huko. Akajifunza kutambaa kimya, kunasa sungura, na kuwapika kwa moto usiotoa moshi, walimu wasije wakamgundua. Kumbe mambo aliyojifunza kwa siri ndiyo yatakayokuwa kazi yake kubwa siku za uzee.

Mwaka 1876 aliingia jeshini, akapelekwa Bara Hindi katika kikosi cha wapanda farasi. Muda wa miaka 34 alikuwa askari, na kazi aliyoipenda kupita zote ni upelelezi. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, alikuwa akienda usiku katika milima ya Matopo kutafuta mahali walipojificha adui. Huko alijifunza mengi kwa Mmarekani mmoja, jina lake Burnham, na alifuatana na mpelelezi Mwafrika, Jan Grootboom, ambaye ushujaa wake aliusifu sana. Basi ujuzi wa kusoma nyayo, jani lililovunjika na majivu ya moto haukutoka Ulaya peke yake. Sehemu yake ilitoka kwa watu wa Afrika.

Sifa zake zilienea duniani katika vita vya Waingereza na Maburu. Tangu Oktoba 1899 mpaka Mei 1900, siku 217, Maburu waliuzingira mji wa Mafeking, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa askari waliokuwa ndani. Watu wazima walikuwa wachache, kwa hiyo wavulana wa Kizungu wa mji walifanywa kikosi cha kupeleka barua na habari, kwanza juu ya punda, na baadaye kwa baisikeli. Baden-Powell akaona kwamba mtoto akiaminiwa kazi ya kweli, huifanya kwa kweli.

Lakini haifai kuficha neno jingine. Wabarolong, wenyeji wa mahali pale, nao walishika bunduki wakalinda upande wao wa mji. Hata hivyo chakula kilipopungua, Waafrika walipewa kidogo kuliko Wazungu, na wengi waliteseka kwa njaa, hasa wageni waliokuwa wamekimbilia mjini. Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama pale, aliandika habari za siku zile, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1973. Shangwe ilipofanywa London kwa kuokoka kwa Mafeking, njaa ile haikukumbukwa. Nasi tukimheshimu Baden-Powell, tusiwasahau wale.

Aliporudi Uingereza, aliona kwamba kitabu alichowaandikia askari juu ya upelelezi kilikuwa kikisomwa na walimu na wavulana. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Mwezi wa Agosti 1907, akiwa na umri wa miaka 50, alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea pamoja na wavulana kama 20. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, wengine wa wafanya kazi, akawachanganya katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake kijana. Aliwafundisha kuwasha moto, kufuata nyayo na kuokoa aliye hatarini. Si kwa ajili ya kuua watu, bali kwa ajili ya kuwasaidia. Mwaka 1908 akatoa kitabu cha vijana, na mwaka 1910 akaacha jeshi kabisa ili afanye kazi hiyo. Mwaka huo huo, pamoja na dada yake Agnes, aliwaanzishia wasichana chama chao. Hata mwaka 1920 maskauti wa nchi 34 wakakutana London, wakamfanya mkuu wao wa ulimwengu wote.

Mwaka 1938, nguvu zikiwa zimempungukia, alihamia Nyeri pamoja na mkewe Olave. Walikaa katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, naye akawa akichora ndege na wanyama. Akafariki tarehe 8 Januari 1941. Mkewe alipokufa mwaka 1977, majivu yake yaliletwa yakazikwa hapo hapo.

Ndugu walimu, wahenga walisema, udongo upate uli maji. Yule mvulana wa msituni angeweza kuhesabiwa mtukutu tu. Basi kila mmoja wetu na atazame darasani mwake: huyu atorokaye, huyu asiyetulia, je, tumempa kazi gani ya kweli? Tena tunapogawa, iwe chakula au sifa, tuangalie asiwepo aliyelinda mji pamoja nasi akaachwa na njaa.