Rifa'a al-Tahtawi: Imamu Aliyekuwa Mwanafunzi Ugenini



Kila muhula wa kwanza huwaona wageni wetu kutoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo wakishuka kwenye mabasi hapa Kampala na mabegi yao. Wiki haijaisha, wameshapata chumba kimoja, jiko moja na lugha moja. Mimi nimetoka Tanga, na naijua raha ya kusalimiwa kwa Kiswahili cha nyumbani ukiwa mbali. Kwa ajili yao, safari hii nimechagua kusimulia maisha ya sheikh aliyepita njia hii karibu miaka 200 iliyopita.

Rifa'a al-Tahtawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 1801 katika mji wa Tahta, kusini mwa Misri, katika ukoo wa masharifu. Familia ilikuwa na uwezo, kisha ikashuka baada ya mtawala wa Misri, Muhammad Ali Pasha, kufuta utaratibu wa kodi za ardhi ulioipatia kipato. Rifa'a alihifadhi Qur'ani utotoni, na mwaka 1817 akaingia al-Azhar. Huko alisoma kwa Sheikh Hasan al-Attar, mwanachuoni aliyependa pia historia, jiografia na tiba, na aliyewahi kukaa na wasomi wa Kifaransa waliokuja Misri na jeshi la Napoleon.

Mwaka 1826 Pasha aliwapeleka Paris wanafunzi zaidi ya 40 wakachukue elimu mpya. Al-Attar akampendekeza Rifa'a afuatane nao. Zingatieni hapa: hakupelekwa kusoma. Alipelekwa awe imamu, awasalishe wenzake na kuwaongoza katika dini yao. Mwalimu wake akamuusia jambo moja zaidi, aandike yote atakayoyaona.

Meli iliwashusha Marseille, wakawekwa karantini kwanza. Kila kitu kilikuwa kigeni kwao. Watu walikaa juu ya viti badala ya kukaa chini, na wakati wa kula kila mmoja alikuwa na sahani yake, kisu na uma. Rifa'a alipoingia mkahawa mmoja alidhani ni barabara kubwa iliyojaa watu, kumbe ni vioo vilivyozunguka kuta. Hakuona haya kuliandika hilo. Hapo hapo Marseille akaanza kujifunza herufi za Kifaransa.

Walipofika Paris, wote waliwekwa katika nyumba moja. Walikula pamoja, walisoma pamoja, na walizungumza wao kwa wao. Karibu mwaka ukapita na Kifaransa chao hakikwenda mbali, kwa sababu walikutana nacho darasani tu. Ndipo wakatawanywa katika nyumba za malezi na shule mbalimbali, mmoja mmoja au wachache wachache, wakae na Wafaransa mchana na usiku. Hapo ndimi zao zikafunguka.

Rifa'a hakungoja kusukumwa. Alitumia fedha zake mwenyewe kununua vitabu na kumlipa mwalimu wa ziada. Alisoma usiku hadi jicho lake la kushoto likadhoofika, na daktari alipomkataza kusoma usiku hakutii, kwa kuhofia kubaki nyuma. Katika mtihani wake wa mwisho, mwaka 1830, aliweka mbele ya watahini kazi 12 alizozifasiri kwa Kiarabu.

Na dini yake? Alirudi nayo. Alisifu alichoona kinafaa kusifiwa: usafi wao, bidii yao ya kazi, na hamu yao ya kujua mambo. Alilaumu alichoona ni upotofu, hasa kuitanguliza akili mbele ya wahyi. Alisoma magazeti yao, na mwaka 1830 alishuhudia watu wa Paris wakimwangusha mfalme wao, akaeleza sababu zake kwa utulivu wa mwanachuoni. Hakutishika na elimu ya wenyeji, wala hakulewa nayo.

Alirudi Misri mwaka 1831. Kitabu chake kuhusu Paris kilichapwa mwaka 1834. Mwaka uliofuata ikaanzishwa shule ya lugha, akaiongoza, na wanafunzi wake wakafasiri vitabu vingi mno. Lakini mtawala mwingine, Abbas, alipoingia madarakani, shule ilifungwa na Rifa'a akapelekwa Khartoum kufundisha watoto, jambo lililokuwa uhamisho kwa jina jingine. Huko, yanakofika maji ya Nile yanayopita Jinja kwetu hapa, aliona wenzake wakifa kwa maradhi. Yeye akashika kalamu, akafasiri riwaya ya Kifaransa ya Fénelon. Abbas alipofariki mwaka 1854, Rifa'a akarejea Cairo, akaendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 1873. Miongoni mwa vitabu vyake vya mwisho kimo kimoja kinachotetea elimu ya wasichana sambamba na wavulana.

Ndugu zangu, wapo wanaohofia kwamba kuchanganyika na wenyeji kutatupotezea dini, na wapo wanaodhani kwamba ili tukubalike lazima tuiache mlangoni. Maisha ya sheikh huyu yanayajibu makundi yote mawili. Jumuiya yetu ipo ili tuswali pamoja, tufuturu pamoja, na mgonjwa wetu apate wa kumwangalia. Haipo ili iwe nyumba ile ya Paris. Kila Ijumaa swala ikimalizika tunatawanyika kutafuta fadhila za Mola wetu. Basi tutawanyike kweli: tukae na wenzetu wa darasani, tujifunze Kiganda hata kwa kuchekwa, tuulize tusichokijua, kisha adhana ikilia tukutane safu moja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Rifa'a, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.