MWALIMU NYERERE: KIONGOZI ALIYEJUA KUACHIA KITI

  

Kamati iliniomba niandike katika kijitabu chetu cha miaka kumi habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yanafundisha. Nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua mtasema huyu tunamjua. Ni kweli, lakini tumezoea kumsema kama Rais tu. Mimi nataka tumwangalie kama Mkristo, kama mume wa mtu, na kama mwenyekiti. Hayo matatu hata sisi wa hapa Kasoli yanatuhusu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki mwenye wake wengi. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmojawapo wa wake hao. Kambarage alichunga mbuzi kama watoto wetu wanavyochunga. Shule ameanza akiwa na miaka 12, mwaka 1934, huko Mwisenge, Musoma. Kwa hiyo mama asikate tamaa mtoto akichelewa. Mwaka 1937 akaenda Tabora, kisha Makerere kule Uganda.

Hakubatizwa utotoni. Alijifunza dini mwenyewe, akafikiri, na akabatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa mtu mzima, akachukua jina la Julius. Ndiyo maana imani yake haikuwa ya kufuata mkumbo. Hata alipokuwa Rais alikwenda misa karibu kila siku asubuhi, katika parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, Dar es Salaam. Sisi tukiwa na palizi ya pamba tu tunasema nafasi ya kusali hakuna. Yeye alikuwa na nchi nzima mabegani.

Alifundisha shule ya St. Mary's Tabora, halafu mwaka 1949 akaenda Edinburgh kusoma. Aliporudi akamwoa Mama Maria mwaka 1953. Mama Maria naye alikuwa mwalimu, na ualimu alisomea Sumve, huku huku kwetu Usukumani. Jambo ninalotaka mlione ni hili. Baba yake Mwalimu alikuwa na wake wengi, lakini mtoto alikaa na mke mmoja hadi kufa. Alikuwa mtoto wa mtemi na baadaye mkuu wa nchi, na kama angetaka mila ilimruhusu. Ila ahadi aliyoweka kanisani aliishika.

Akawa mwalimu Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaundwa, naye akiwa mwenyekiti. Wakubwa wa shule wakamwambia achague moja, siasa au ualimu. Mwaka 1955 akaacha kazi na mshahara ukakatika. Walirudi Butiama kwa muda, akawa anamfundisha padri mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki ili wapate riziki. Walipokuwa Magomeni, Dar es Salaam, Mama Maria alifungua duka dogo. Akina mama, hapo mjionee wenyewe. Uhuru tunaousherehekea kila Desemba 9 ulishikiliwa pia na duka la mwanamke.

Na hakubagua dini. Mkatoliki huyu alipokelewa na kutunzwa na Waislamu wa Dar es Salaam. Bibi Titi Mohamed, Mwislamu, ndiye aliyewaamsha akina mama wakajiunga na TANU kwa maelfu. Huku Usukumani serikali ya mkoloni iliizuia TANU tangu 1954 hadi 1958, lakini watu hawakuzimika.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961 yeye akiwa Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata, Januari 1962, akajiuzulu, kiti akampa Rashidi Kawawa, yeye akaenda vijijini kukijenga chama. Ni nani kati yetu angekiacha kiti kikiwa bado kina joto? Alirudi Desemba mwaka huo huo kama Rais.

Mwaka 1966 alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye makampuni. Mama Maria alikuwa na mradi wa kuku, nao ukaachwa. Sheria ilianzia nyumbani kwake.

Sasa tusiandike kama alikuwa malaika. Hapa kwetu wazee wanakumbuka mwaka 1974, watu walipohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, wakaacha maboma yao. Wanakumbuka pia ushirika. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga ushirika wao miaka ya hamsini, wakiongozwa na Paul Bomani, kwa sababu walichoka kuibiwa kwenye mizani. Ulikuwa mkubwa na ulikuwa wao wenyewe. Mwaka 1976 serikali ya Mwalimu ikavivunja vyama vikuu vya ushirika. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini kitu kikishavunjwa hakirudi kama kilivyokuwa.

Ila Mwalimu hakuficha. Mwaka 1984, bado akiwa Rais, alisema wazi kwamba kama angeanza upya, asingevunja ushirika wala serikali za mitaa. Wenzangu, hiyo ndiyo toba ya kiongozi. Hakumsingizia katibu wala mweka hazina.

Mwaka 1985 aliachia urais bila kusukumwa na mtu, na uenyekiti wa chama akauacha 1990. Akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa nyumbani Butiama. Tangu 2005 Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulianzishwa jimboni Musoma.

Kwa nini nimeandika haya? Kwa sababu mwaka huu tunachagua viongozi. Mimi nimekaa kiti hiki miaka yote kumi. Wapo wanaosema mama endelea, wengine tukibadilisha kikundi kitakufa. Nawashukuru, lakini nakataa. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu, maana hatukutaka fedha ya wote ilale kwa mtu mmoja. Basi na kiti kiwe hivyo hivyo. Kikundi kikifa kwa sababu mimi nimetoka, basi tulikuwa hatujajenga kikundi, tulikuwa tumejenga mtu.

Sitagombea. Nitakuja kila mkutano, nitanunua hisa zangu, nitakaa kwenye mkeka kama mwanachama. Atakayechaguliwa tumheshimu, akikosea tumwambie, naye akubali kuambiwa.

Mungu akibariki kikundi chetu, na ampumzishe Mwalimu kwa amani. Amina.

Mwenyekiti