Dennis Johnson

Dennis Wayne Johnson (18 Septemba 1954 – 22 Februari 2007), aliyejulikana zaidi kwa kifupi cha DJ, alikuwa mchezaji na kocha wa mpira wa kikapu nchini Marekani. Alicheza misimu 14 katika ligi ya NBA: Seattle SuperSonics (1976–1980), Phoenix Suns (1980–1983) na Boston Celtics (1983–1990). Alitwaa ubingwa mara tatu, mwaka 1979 akiwa na Seattle, na miaka ya 1984 na 1986 akiwa na Boston.

Alikuwa na urefu wa sentimita 193 na alicheza nafasi ya gadi, yaani mmoja wa wachezaji wawili wa nyuma ambao kwa kawaida hupandisha mpira na kuanzisha mashambulizi. Sifa yake kubwa ilikuwa kukaba. Kwa misimu tisa mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1987, alichaguliwa katika vikosi vya wakabaji bora wa ligi, mara sita katika kikosi cha kwanza na mara tatu katika cha pili. Hata hivyo, sehemu ya maisha yake yenye mafunzo zaidi kwa mwanafunzi wa mchezo huu ni namna alivyoingia Celtics mwaka 1983, timu ambayo tayari ilikuwa na wafungaji wake na haikumhitaji awe mfungaji mwingine.

Maisha ya awali

Johnson alizaliwa Los Angeles, jimbo la California, katika familia ya watoto 16. Baba yake alikuwa fundi mwashi na ndiye aliyemfundisha mpira wa kikapu akiwa mdogo. Alisoma katika shule ya sekondari ya Dominguez mjini Compton, lakini hakuonekana kuwa na kipaji cha pekee. Alikuwa mfupi, kama sentimita 175, na muda mwingi alikaa benchi.

Baada ya kumaliza shule hakuna chuo kilichomtaka. Alifanya vibarua mbalimbali, ikiwemo kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na jioni alicheza na kaka zake katika ligi za mtaani. Katika kipindi hicho alirefuka sana. Kocha wa chuo cha Los Angeles Harbor, Jim White, alimwona akicheza mtaani akamshawishi arudi masomoni. Kutoka hapo alihamia Chuo Kikuu cha Pepperdine, akacheza msimu mmoja wa 1975–76.

Pengine ni kwa sababu hiyo kwamba mchezo wake haukuwa na mapambo. Aliyezoea kucheza na watu wazima waliomzidi nguvu hujifunza kwanza kusimama vizuri, kutumia kifua na kuisoma miguu ya mpinzani. Madoido huja baadaye, kama yatakuja.

Seattle

Mwaka 1976 SuperSonics walimchagua katika raundi ya pili, akiwa wa 29 kwa jumla. Kocha wakati huo alikuwa Bill Russell, mkabaji mashuhuri kuliko wote katika historia ya Celtics. Msimu wa pili timu ilianza vibaya, ikashinda mechi 5 tu kati ya 22 za kwanza, ndipo Lenny Wilkens akapewa ukocha. Wilkens alimweka Johnson katika kikosi cha kwanza pamoja na gadi mwenzake Gus Williams. Kazi ziligawanyika vizuri: Williams alikimbia na kufunga, Johnson akamkaba gadi hatari zaidi wa wapinzani.

Timu hiyo ilifika fainali ya 1978 dhidi ya Washington Bullets. Katika mechi ya tatu Johnson alizuia mitupo saba ya wapinzani, jambo la ajabu kwa gadi. Lakini katika mechi ya saba, iliyochezwa Seattle, alirusha mitupo 14 na hakuna hata mmoja ulioingia. Seattle ilifungwa 105–99. Wachezaji wengi wangevunjika moyo baada ya usiku wa namna hiyo. Mwaka uliofuata timu hizo mbili zilikutana tena katika fainali, Seattle ikashinda kwa mechi 4–1, na Johnson, aliyefunga wastani wa pointi 22.6 kwa mechi, akateuliwa kuwa mchezaji bora wa fainali.

Baada ya ubingwa, uhusiano wake na Wilkens uliharibika. Kocha alimwona kuwa mtu anayeipasua timu, na alisema hivyo hadharani. Mwaka 1980 Johnson alibadilishwa na Paul Westphal wa Phoenix.

Phoenix

Katika Suns alipata nafasi ya kufunga zaidi. Msimu wa 1980–81 alikuwa na wastani wa pointi 18.8, timu ilishinda mechi 57, na yeye akachaguliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima. Msimu uliofuata wastani wake ulikuwa pointi 19.5. Hata hivyo hapa pia alikosana na kocha wake, John MacLeod, na sifa ya ukaidi iliyoanzia Seattle ikathibitika machoni pa wengi. Alikuwa amefikisha miaka 28, ana medali ya ubingwa, na timu mbili zimekwisha kumchoka. Mchezaji wa aina hiyo kwa kawaida bei yake hushuka, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kuhamia Boston

Mwezi Juni 1983 Celtics walimchukua Johnson kwa kumtoa Rick Robey, mchezaji mrefu wa akiba, pamoja na kubadilishana haki za kuchagua wachezaji wapya. Aliyepanga biashara hiyo ni Red Auerbach, kiongozi wa muda mrefu wa klabu. Sababu ilieleweka kwa kila aliyeifuatilia Celtics: magadi wa wapinzani walikuwa wakiwatesa. Mwaka 1982 Andrew Toney wa Philadelphia aliwafungia kwa wingi katika fainali ya kanda ya mashariki, na mwaka 1983 Milwaukee Bucks, wakiongozwa na gadi Sidney Moncrief, waliwatoa kwa mechi 4–0.

Klabu ilibadilisha pia kocha. Bill Fitch aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na K. C. Jones. Jones alikuwa gadi wa Celtics kuanzia 1958 hadi 1967, akatwaa ubingwa mara nane, na katika miaka yote hiyo alisifiwa kwa kukaba, si kwa kufunga. Ni vigumu kufikiria kocha aliyefaa zaidi kumpokea Johnson.

Nafasi yake katika mashambulizi ya Celtics

Swali lililobaki lilikuwa hili: mpira ukiwa mikononi mwa Boston, Johnson atafanya nini? Mashambulizi ya Celtics yalipitia kwa fowadi Larry Bird, ambaye alikuwa mfungaji na wakati huohuo mtoa pasi bora wa timu. Karibu na kikapu walikuwepo senta Robert Parish, Cedric Maxwell, na Kevin McHale ambaye wakati huo aliingia kutoka benchi. Wote hao walihitaji mpira. Gadi aliyezoea kurusha anavyotaka angeweza kuuharibu mpangilio wote.

Tena Johnson hakuwa mrushaji mzuri wa mbali. Katika maisha yake yote ya NBA, mitupo ya pointi tatu aliyoingiza haikufika hata mmoja kati ya mitano. Mpinzani aliyemkaba angeweza kumwacha na kwenda kusaidia dhidi ya Bird. Hili ndilo tatizo la kawaida la mkabaji anapoingia timu yenye nyota: asipoogopwa na wapinzani, anawapa mtu wa ziada wa kuwabana wenzake.

Johnson alilijibu tatizo hilo kwa njia tatu, na hakuna hata moja iliyohitaji abadilike kuwa mrushaji. Ya kwanza ilikuwa kukimbilia kikapuni. Anayemwacha mchezaji ili kumfuata Bird humpa kisogo mchezaji huyo, na mara tu kisogo kilipoonekana Johnson aliingia ndani, naye Bird alijua kwamba ataingia. Wawili hao walielewana bila ishara kubwa, kiasi kwamba mtazamaji aliona pasi kabla hajaona sababu yake.

Ya pili ilikuwa kutumia mwili wake. Magadi wengi waongozaji walikuwa wafupi na wepesi kuliko yeye. Aliwapa mgongo, akawasukuma taratibu kuelekea kikapuni, kisha akarusha juu yao au akachezewa rafu. Mitupo ya adhabu aliingiza karibu minane kati ya kumi.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kwa mtu aliyekuwa akifunga karibu pointi 20: alikubali kungoja. Wastani wake katika msimu wa kwanza Boston ulikuwa pointi 13.2, mdogo kuliko wa msimu wowote tangu ule wake wa pili katika ligi. Alipunguza mwendo wa timu pale ilipobidi, akapeleka mpira kwa warefu mahali walipoutaka na wakati walipoutaka. Mwanzoni alikuwa na asisti 4.2 kwa mechi, yaani pasi zinazozaa pointi moja kwa moja. Gadi mwenzake Gerald Henderson alipouzwa Seattle mwaka 1984 na Danny Ainge kuingia kikosini, uongozaji wa mchezo ukawa wa Johnson hasa: asisti zikapanda hadi 6.8 msimu wa 1984–85, na 7.8 msimu wa 1987–88. Takwimu hizi zaeleza kwa nini si sahihi kusema, kama wengine wasemavyo, kwamba Boston alikuwa mkabaji tu aliyebebwa na wenzake.

Fainali za 1984, 1985 na 1986

Katika fainali ya 1984 Celtics walikutana na Los Angeles Lakers. Baada ya Boston kupigwa 137–104 katika mechi ya tatu, K. C. Jones alimpa Johnson kazi ya kumkaba Magic Johnson, mchezeshaji wa Lakers aliyekuwa amemzidi kimo kwa zaidi ya sentimita kumi (hawakuwa ndugu, ingawa wanafunzi huuliza). Kuanzia hapo Magic hakupata tena uhuru aliouzoea. Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba Dennis Johnson, pamoja na mzigo huo wa kukaba, alifunga pointi 20 au zaidi katika kila moja ya mechi nne zilizobaki. Boston ilishinda mechi ya saba 111–102. Ile akiba ya ufungaji aliyoiweka kando msimu mzima ilikuwa bado ipo.

Mwaka 1985 timu hizo zilikutana tena. Mechi ya nne, mjini Los Angeles, ilikuwa sare 105–105 sekunde za mwisho. Bird alipokea mpira, wapinzani wawili wakamwendea, naye akampasia Johnson aliyekuwa peke yake mbali kidogo na kikapu. Johnson akarusha, mpira ukaingia muda ukiisha. Lakers walitwaa ubingwa mwaka huo kwa mechi 4–2, lakini mtupo ule unaonyesha makocha wa Lakers walichagua kumwacha nani, na gharama waliyolipa.

Msimu wa 1985–86 Celtics walishinda mechi 67 na kufungwa 15, kisha wakawashinda Houston Rockets 4–2 katika fainali. Kikosi cha Bird, McHale, Parish, Ainge na Johnson huhesabiwa miongoni mwa vikosi bora kabisa vya ligi hiyo.

Mei 1987

Tukio linalooneshwa mara nyingi zaidi lilitokea tarehe 26 Mei 1987, katika mechi ya tano ya fainali ya kanda ya mashariki dhidi ya Detroit Pistons. Zikiwa zimebaki sekunde tano, Detroit ilikuwa mbele 107–106 na mpira ulikuwa wao, wa kurushwa kutoka nje ya uwanja. Isiah Thomas alirusha kuelekea kwa Bill Laimbeer, Bird akaruka na kuunyakua.

Watu humkumbuka Bird, na ni haki. Lakini Bird alikuwa ukingoni, anakaribia kuanguka nje, na hakuwa na nafasi nzuri ya kurusha. Johnson ndiye aliyekuwa ameshaanza kukimbilia kikapuni wakati wengine wanashangaa. Alipokea pasi akiwa katika mwendo na kuuweka mpira kikapuni ikiwa imebaki sekunde moja. Matokeo yakawa 108–107. Yale mazoea ya kukimbilia ndani pale wapinzani wanapomtazama Bird, aliyoyatumia tangu 1983, ndiyo yaliyofanya kazi hapo. Boston ilishinda mfululizo huo katika mechi saba, ikafungwa na Lakers katika fainali.

Kustaafu na ukocha

Johnson alistaafu mwaka 1990 akiwa amecheza mechi 1,100, akiwa na pointi 15,535 na asisti 5,499. Celtics waliistaafisha jezi yake namba 3 Desemba 1991. Larry Bird alimtaja kuwa mchezaji mwenzake bora kuliko wote aliowahi kucheza nao, sifa nzito ukizingatia majina ya wengine.

Baadaye alikuwa kocha msaidizi wa Celtics na wa Los Angeles Clippers, na mwaka 2003 aliiongoza Clippers kwa muda katika mechi 24 za mwisho za msimu. Hakupewa tena timu ya NBA. Alikwenda kufundisha ligi ndogo ya vijana, na tarehe 22 Februari 2007, akiwa kocha wa Austin Toros jimboni Texas, alianguka baada ya mazoezi kwa shambulio la moyo na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Alipokuwa hai jina lake lilipendekezwa zaidi ya mara moja kuingia katika Jumba la Umaarufu la mpira wa kikapu, bila mafanikio. Aliingizwa mwaka 2010, miaka mitatu baada ya kifo chake.