Michael Faraday, Msaidizi wa Maabara

Michael Faraday, ambaye kanuni zake twazisoma katika Kemia, alizaliwa karibu na London mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi maskini. Kijana alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, na alivyovijalidi alivisoma.

Mwaka 1812 bingwa wa kemia, Humphry Davy, aliumizwa macho na dawa iliyolipuka. Machi 1813 Faraday akaajiriwa kuwa msaidizi wake, kutunza vyombo na kuandaa majaribio. Muda si muda dawa ileile ikamjeruhi naye vidole. Mwaka 1815 alimsaidia Davy kutengeneza taa ya wachimba makaa ya mawe, isiyowasha methani, gesi ileile itokayo Mnazi Bay, hapa kwetu Mtwara. Mwaka 1823 mrija wa gesi ulimpasukia, vipande vya kioo vikamwingia machoni.

Hakuacha kazi, bali alizidi uangalifu. Mwaka 1827 alitoa kitabu kikubwa juu ya kutumia vyombo vya maabara. Alifariki mwaka 1867, sifa zake zimeenea duniani.

Wenzangu, anayeosha chupa zetu na kuzibandika majina anafanya kazi aliyoanzia Faraday. Akituambia tuvae miwani, tumtii.