Douglass Howry

Douglass Howry (1920 – 1969) alikuwa daktari wa radiolojia kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha za mwili kwa ultrasaundi, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Picha zake za shingo ya mtu aliye hai ni kati ya zile za kwanza kujulikana sana.

Kazi

Howry alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Colorado. Eksirei za wakati ule zilionyesha mifupa vizuri, lakini misuli, tezi na mishipa ya damu ilionekana kama kivuli kimoja. Kuanzia mwaka 1948, mjini Denver, alijaribu kuonyesha tishu hizo laini kwa mwangwi. Mhandisi Roderic Bliss alimsaidia, na baadaye wakajiunga nao Gerald Posakony na daktari Joseph Holmes. Fedha zilikuwa chache, hivyo walitumia mabaki ya vifaa vya kijeshi vya Vita Kuu ya Pili, na hata tangi la kunyweshea ng'ombe.

Shida kubwa ilikuwa kwamba ukuta wa mshipa au msuli hurudisha sauti kama kioo kinavyorudisha mwanga: sauti ikiupiga kwa mshazari, mwangwi huenda pembeni na haurudi kwenye chombo. Upande huo wa picha hubaki mtupu. Howry aliamua kuzungusha chombo chenyewe. Katika mashine ya mwaka 1954, iliyoitwa somaskopu, alitumia pete ya meno kutoka sehemu ya bunduki ya ndege ya kivita aina ya B-29. Mtu aliketi ndani ya maji, kwa kuwa sauti ya aina hii haipiti vizuri hewani, na chombo kikamzunguka huku kikienda mbele na nyuma. Mwangwi wa pande zote uliunganishwa kuwa picha moja. Shingo ilionekana kana kwamba imekatwa kwa kisu: koo katikati, uti wa mgongo nyuma, misuli na mishipa mikubwa ya damu ubavuni.

Picha zilikuwa nzuri, ila mashine haikuwafaa wale waliokuwa wakiihitaji zaidi. Mgonjwa aliye hoi hawezi kukaa majini muda mrefu bila kutikisika, tena akiwa amefungiwa uzito ili asielee. Kundi hilo likatengeneza kwanza sufuria kubwa ya maji yenye dirisha la plastiki ambalo mgonjwa aliliegemea akiwa mkavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wa Denver walifikia chombo kilichoshikiliwa na mkono wa chuma na kupitishwa moja kwa moja juu ya ngozi.

Mwaka 1962 Howry alihamia Boston, akafanya kazi katika Hospitali Kuu ya Massachusetts. Alifariki mwaka 1969.